Harambee ya ukumbi wa zamani: tuanzie wapi?

Mbukwenyi (salamu ya Kigogo) ndugu zangu mlioko nje. Kijiji chetu cha Dodoma kinataka kukarabati ukumbi wa ngoma na maigizo: mita 10 kwa 20, kuta za tofali za udongo, bati limeoza. Tuchangishe kwanza au tusubiri makadirio?
(Leicester, Uingereza)

Dada, kabla ya yote ulizeni ukumbi ni wa nani. Ombeni nakala ya hati, au muhtasari wa mkutano wa kijiji wenye mhuri. Kisha mlipeni mkadiriaji majenzi aende kupima mwenyewe, kwa sababu picha za simu hazionyeshi mchwa ndani ya kenchi (mbao zinazobeba paa).

Fedha za mwanzo ziende kwenye paa. Kila upande ukiwa na mteremko wa karibu mita 5.8, yanatosha mabati mawili ya mita 3 yakilaliana sentimita 20. Kwa urefu wa mita 21 pamoja na sehemu ya bati inayotokeza nje ya ukuta, bati likifunika sentimita 75, ni mistari 28. Kwa pande zote mbili jumla ni mabati 112, nunueni 118 ili yabaki ya akiba. Chukueni geji 28, maana geji 30 ni jembamba na upepo wa huko hulikunja. Misumari ipigwe kwenye mgongo wa bati. Ikipigwa bondeni, maji yatapita hapo hapo.

Mkitangaza "changia bati moja", bei ijumlishe misumari, mbao zilizotiwa dawa, usafiri na fundi. La sivyo mtakuwa na mabati 118 stoo na hakuna wa kuyapandisha. Hapa ndipo harambee nyingi hukwama.

Halafu lipu. Fundi atataka saruji kwa sababu ndiyo aliyoizoea. Mkatalieni. Saruji ni ngumu kuliko tofali la udongo: hupasuka, maji huingia kwenye ufa, hayapati pa kutokea, na ukuta hulainika kwa ndani. Gongeni lipu iliyopo kwa kifundo cha kidole. Ikilia kama debe tupu, imeshaachana na ukuta. Tumieni chokaa kipimo 1 kwa mchanga 3, na inyunyiziwe maji siku kadhaa isikauke haraka kwa jua la Dodoma.

Duka lilipwe moja kwa moja. Fundi alipwe kwa awamu, na asilimia 10 ya malipo yake ibaki mpaka mvua ya kwanza ipite juu ya paa.
(Minneapolis, Marekani)

Nyongeza kuhusu kodi. Walioko Uingereza wakipitisha mchango kwenye shirika la hisani linalotambuliwa huko, Gift Aid (mpango wa serikali wa kuongezea michango) huongeza peni 25 kwa kila pauni, mradi mchangiaji ni mlipa kodi na amejaza tamko. Walioko Marekani wakituma moja kwa moja kijijini hawapati punguzo la kodi. Lazima fedha zipitie shirika la 501(c)(3) (shirika la hisani linalotambuliwa na sheria ya kodi ya Marekani) linalosimamia matumizi yake.

Na muda: mvua kubwa huanza Desemba. Fungeni mchango Juni, mbao na mabati yafike Agosti. Paa la zamani lisishushwe hata bati moja kabla mapya hayajahesabiwa pale uwanjani.
(Reading, Uingereza)

Asanteni sana. Barua ya kuomba muhtasari wenye mhuri inaenda kwa mtendaji leo.
(Leicester)