Maneno ndani ya mchoro: mtazamaji anasimama au picha inageuka bango?

brashi_ya_ziwani: Wakubwa shikamooni. Nachora kwa akriliki hapa Mwanza. Picha mpya ni mama muuza dagaa pale Mwaloni, kainamia ndoo zake, na chini nimeandika kwa herufi kubwa MAISHA NI MAGUMU. Mwenzangu kasema nimetengeneza bango. Nifute? Nyie mnaotumia maneno mnayawekaje?

MzeeHerufi: Marahaba mwanangu. Mimi nimeandika vibao vya maduka Mombasa tangu enzi za brashi na enameli, kabla stika za mashine hazijatumaliza. Maneno hayana kosa. Mama kainama, jua linawaka, halafu wewe chini unatutangazia maisha ni magumu. Si tumeshaona?

Mtazame mchoraji Chéri Samba wa Kinshasa. Naye alitokea kwenye vibao na katuni (yeye picha zake zikaoneshwa Paris 1989, mimi bado niko Kongowea). Alipofungua karakana yake 1975 aliona watu wanatupia picha jicho na kwenda zao. Akaanza kuandika ndani ya turubai, Kifaransa na Kilingala, ili mtu abaki asome. Na maandishi yake yanachokoza, yanauliza, yanabishana na kilichochorwa.

Au kwani huna kanga nyumbani? Mjini, yaani katikati ya kitambaa, ua la korosho, pindo pande zote, na jina linasema "Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake." Korosho na simba wapi na wapi! Lakini dukani mteja anaifunua doti atafute jina kwanza.

Herufi kubwa ni za barabarani, mtu anasoma huku anatembea. Ndogo lazima asogee, na akishasogea ataona na rangi zako. Piga mstari wa chaki, ila nafasi pima kwa jicho, maana A na V zikikaa jirani rula itakudanganya.

doti_mbili: Namuunga mkono mzee, ila nyie wanaume mnasahau kwamba kanga inavaliwa! Inapitishwa mbele ya jirani anayehusika, naye anajua ni yeye. Mdogo wangu, hayo maneno yako anaambiwa nani? Ukiniuliza mimi, hapo hakuna anayeambiwa.

brashi_ya_ziwani: Dada umenishika. Yule mama wateja wakichezea dagaa bila kununua huwa anawaambia, "Ukishika, umenunua." Nafikiria kufuta ya chini niandike hiyo, iwe kama kibao kwenye ndoo.

doti_mbili: Hapo sasa! Na mtazamaji naye kashika.

MzeeHerufi: Iandike juu ya kipande cha boksi, kama vile kaandika mwenyewe kwa makapeni. Herufi za mwisho zibanane, nafasi imemwishia. Usininyooshee sana, mimi nitajua ni fundi kaandika. Ukimaliza tupia picha hapa.