Waya za eleva nzito, stiki hairudi yenyewe, nianzie wapi?

Mjenzi_Pongwe: Wakuu habari za saa hizi. Niko Tanga najenga ndege ya viti viwili, bodi ya alumini. Stiki, yaani mti wa rubani wa kuvutia eleva (kibao cha mkiani cha kuinua na kushusha pua), ukiivuta nyuma ukaiachia inabaki hapohapo kama imegandishwa, asubuhi afadhali lakini mchana kwenye jua ndo inakuwa nzito kabisa. Waya ni ya 7x19 (vikonyo 7 vya nyuzi 19), inchi 1/8, inapita kapi nne (vigurudumu vya kupitishia waya) na vipande viwili vya nailoni vya kuiongoza. Nilitaka nilegeze tensheni halafu nipulize oili kote, mnasemaje?

Mtu_wa_Anga: Kaka usilegeze kwanza. Tensheni fuata ya kwenye ramani ya aliyeichora hiyo ndege, waya ikilegea itacheza na inaweza kuruka nje ya kapi. Hilo la mchana lina sababu, alumini inatanuka karibu mara mbili ya chuma kwahiyo bodi ikipata joto inazivuta waya. Chomoa waya kwenye eleva, kisha vuta stiki kwa mizani ya ndoana ile ya kupimia samaki, uandike kilo. Ikiwa bado nzito basi bawaba za eleva hazina kosa, tatizo liko njiani.

Nahodha_Mstaafu: Mimi ndege sizijui mwanangu ila kamba nazijua. Chombo kizima unakizuia kwa mkono mmoja ukiizungusha amari, kamba nene ya kufungia chombo, kwenye nguzo, kwa sababu nguzo haizunguki. Hiyo nailoni yako nayo haizunguki. Angalia waya inakunja wapi. Na kapi kama imekaa upande waya italila shavu, hata henza, kamba ya kupandishia tanga, ni hivyohivyo.

Mtu_wa_Anga: Mzee shikamoo, umemaliza kila kitu. Nailoni ni ya kuongoza tu, isipinde waya zaidi ya digrii 3, ikizidi hapo weka kapi. Na kapi ikae mstari mmoja na waya, isipishane zaidi ya digrii 2.

Binti_Chumbageni: Hiyo oili ya kupuliza itakusanya vumbi tu, na usije ukaosha waya kwa petroli maana inatoa grisi iliyowekwa ndani kiwandani. Pitisha kitambaa taratibu waya yote, kikinasa kuna uzi umekatika. Huku kwetu chumvi haina huruma, ukiona wekundu katikati ya nyuzi badilisha waya, usiisugue.

Mjenzi_Pongwe: Nimerudi. Shikamoo mzee wangu. Mizani ilisoma kilo 2 na nusu, nikachomoa eleva ikasoma 2 na kidogo, nikafungua nailoni ya nyuma ya kiti ikashuka mpaka robo tatu!! Nimepima pale waya inapinda digrii 11 na nailoni imeshachimbika mfereji. Naweka kapi.

Mtu_wa_Anga: Weka na pini ya kuzuia waya isitoke kwenye kapi, na bracketi ifungwe kwenye fremu sio kwenye bati, hapo inabeba mzigo sasa. Mkaguzi aione kabla hujafunika sakafu.