Ulinganisho: LetMeTalk, Cboard, Proloquo2Go au kadi za karatasi kwa mtoto mwenye usonji asiyeongea?

Mwl_Tabata

Habari za jioni wanajukwaa. Swali hili linarudi kila mara: mtoto ana usonji, haongei au ana maneno machache, nyumbani kuna simu au kishikwambi cha Android cha bei ya kawaida. Aanze na nini ili awasiliane: programu ambayo anabonyeza picha nayo inamsemea, au kadi za karatasi? Naweka ulinganisho wangu, wenye ujuzi mrekebishe.

Proloquo2Go ndiyo inayosifiwa sana mitandaoni, na ni nzuri kweli. Ila ni ya vifaa vya Apple tu kama iPad na iPhone, bei yake ni kama dola 250, yaani zaidi ya shilingi laki sita za Tanzania kabla hujanunua iPad yenyewe, na haina Kiswahili. Kwa nyumba ya Kiswahili mimi naiweka pembeni.

LetMeTalk ni bure. Inakuja na picha zaidi ya 9,000 za ARASAAC, mkusanyo wa picha unaosimamiwa na serikali ya jimbo la Aragón, Hispania. Ukishaipakua haidai bando. Unapiga picha kikombe cha mtoto mwenyewe, unaiingiza.

Cboard nayo kuanza ni bure, inafunguka kwenye kivinjari au kama programu ya Android. Unatengeneza ubao wako, yaani ukurasa wa vitufe vya picha, kuanzia sifuri, unarekodi sauti kwenye kila kitufe, na unautoa ubao mzima kama PDF ukachapwe kwenye duka la steshenari. Kwangu hii ndiyo ya kwanza.

Kadi za karatasi haziishiwi chaji. Tutazirudia.

tiba_usemi

Mwalimu, orodha nzuri, ila kasheshe yenyewe iko kwenye sarufi. Mbao hizi zilibuniwa kwa Kiingereza, ambako "mimi", "taka" na "si" ni vitufe vitatu. Mzazi akitafsiri kitufe kwa kitufe, mtoto anabonyeza na kishikwambi kinasema "mimi taka maji". Hakuna anayesema hivyo hapa Dar es Salaam, na mtoto hajawahi kusikia hivyo kwa mama yake. Kukataa ndiyo kabisa: kwetu kukataa kumo ndani ya kitenzi, huwezi kutenga kitufe chake.

Kwa hiyo kitufe kimoja, neno zima. Ubao wa kwanza safu 3, vitufe 4 kila safu: nataka, sitaki, nipe, tena, basi, ngoja, twende, nisaidie, inauma, imeisha, angalia, hapana. Vitenzi vya ukurasa wa pili viandikwe na ku- yake: kula, kulala, kucheza, kwenda chooni. Hapo "nataka" na "sitaki" vinaungana navyo bila kuvunja lugha.

Angalieni neno "basi". Ni imetosha, tena ni gari. Kwenye ubao "basi" lipewe mkono uliosimamishwa, na gari liitwe daladala. Ukiweka picha ya gari kwenye "basi", mtoto anayetaka uache kumsugua kichwa anakuonyesha gari, nawe unamvalisha viatu.

Jambo la pili: kitufe kikishakaa mahali pake, kisihamishwe. Mkono wa mtoto unakariri mahali kabla jicho halijasoma picha. Ukitarajia kuongeza maneno, tengeneza ubao mkubwa tangu mwanzo, ufiche vitufe ambavyo bado, kisha uvifungue kimoja kimoja. Wengi wanaanza na vitufe 4 vikubwa, mwezi wa pili wanapanga upya kila kitu, mtoto anaacha kutumia, halafu programu inalaumiwa.

Na mtu mzima abonyeze pia. Ukisema "twende", gusa "twende" huku unaongea, siku nzima, bila kumlazimisha arudie.

Fundi_Sinza

Upande wa kifaa.

Sauti kwanza. Simu nyingi za Android huja zimewekwa zisome kwa sauti ya Kiingereza, ndiyo maana "ng'ombe" inatoka kitu cha ajabu. Ingia Mipangilio, tafuta sehemu ya kusoma maandishi kwa sauti (mara nyingi iko ndani ya Ufikivu), chagua injini ya Google, lugha Kiswahili, kisha pakua data ya sauti yenyewe mkiwa kwenye WiFi. Zima intaneti ujaribu. Ikinyamaza, hukupakua. Simu ndogo sana isiyobeba injini ya Google, weka eSpeak NG: inajua Kiswahili na haina uzito, ingawa sauti yake ni kavu.

Pili, funga programu isitoke. Mipangilio, Usalama, kubandika programu, na uwashe ile ya kuomba PIN kabla ya kubandua. Kwenye iPad kazi hiyo inaitwa Guided Access, unabofya mara tatu. Bila hivyo dakika ya tatu mtoto yuko kwenye katuni, na kishikwambi cha kuongelea kinageuka cha kuchezea. Mkiweza, katuni zikae kwenye simu nyingine kabisa.

Spika: ndani ya daladala ya Mbagala spika ya simu haisikiki. Spika ndogo ya Bluetooth kwenye kamba ya begi inatosha. Kava liwe la povu nene lenye mpini. Umeme ukikatika, pawabenki ya 10,000 mAh huchaji simu ya kawaida mara moja na ushei, si mara mbili, maana sehemu ya chaji inapotea njiani.

mama_wa_Kigamboni

Kwenye kurekodi: Fundi, sauti ya mashine au ya mtu ipi bora?

tiba_usemi

Dada, kama ya mashine inaeleweka, tumia mashine, maana sentensi inatoka imenyooka. Kama unarekodi, tafuta mtoto wa umri na jinsia ile ile, binamu au jirani. Mvulana wa miaka sita asiongee kwa sauti ya mama. Rekodi alfajiri kabla bodaboda hazijachangamka, simu umbali wa shubiri moja kutoka mdomoni, neno likisemwa bila kupandisha mwisho kama swali.

Mwl_Tabata

Kadi sasa. Utaratibu wa kubadilishana picha ulianzishwa 1985 na Andy Bondy na Lori Frost huko Delaware, Marekani, na nguvu yake ni hii: mtoto analeta kadi mkononi mwako. Kitufe anaweza kukibonyeza akiwa ameelekea ukutani. Kadi lazima amtafute mtu.

Kata kadi za sentimita 5 kwa 5, na mkilaminisha acheni ukingo wa plastiki wa milimita 3 kuzunguka karatasi. Ukikata kwenye ukingo wa karatasi, jasho na unyevu vinaingia na kadi inafunguka kama kitabu. Pembe zikatwe duara zisimchome. Velkro: upande mgumu wote kwenye kadi, laini wote kwenye ubao, msichanganye.

Kimara_Mwisho

Mimi ni mtu mzima mwenye usonji, naongeza mawili.

Ratiba ya saa haifai kwenye foleni za mji huu. "Saa tatu tutafika" ikivunjika, ni dhiki kubwa. Tumieni mfuatano. Kwa Mwendokasi, yaani mabasi ya haraka, ukanda wa kadi: Kimara, Ubungo, Shekilango, Manzese, Magomeni, Jangwani, Fire, Gerezani. Kila mkipita kituo, kadi inang'olewa. Na muwe na kadi ya "njia imebadilika", iliyofundishwa siku za amani nyumbani, kwa sababu Jangwani ikijaa maji barabara inafungwa.

Vizuia kelele: vile vikubwa vya mafundi hupunguza honi na kelele za ghafla. Hedifoni za umeme za kufuta kelele zina nguvu zaidi kwenye mngurumo wa mfululizo kama jenereta, honi inapenya. Kwa joto letu mvike Kariakoo na kwenye usafiri, mvue mkifika, mfute jasho. Akivaa kutwa, masikio yanazidi kuwa mepesi kwa sauti.

Na "sitaki" ikibonyezwa, iheshimiwe pale inapowezekana. Kama ni dawa na lazima anywe, mjibu: "nimesikia hutaki, tunakunywa, halafu basi". Kishikwambi kisichukuliwe kama adhabu, hata awe amekosea nini. Ni mdomo wake.

mama_wa_Kigamboni

Nimeelewa. Cboard vitufe 12, PDF yake nachapa nabandika jikoni na mlangoni kwa mpangilio ule ule.

tiba_usemi

Ndiyo, na nakala moja bafuni. Huko kishikwambi hakiingii, na ndiko "inauma" na "basi" vinakohitajika sana.