Re: Wezi wa vyuma Kiamunyi, naomba ushauri

Kutoka: Houston

Ndugu na dada, salamu. Mliojenga nyumbani nisaidieni. Ploti yangu iko Kiamunyi, Nakuru, na ukuta umefika lenta. Wezi wamerudi tena usiku, wakabeba vyuma na simiti yote ya slabu. Binamu yangu anasema dawa ni moja: tuvute stima moja kwa moja kutoka kwa mita hadi kwenye waya wa ua, na mlinzi tumpe upinde na mishale ya sumu. Huku Texas mtu hulinda mali yake kwa bunduki na haulizwi. Kwetu je?

Kutoka: Leicester

Kaka, pole kwa hasara. Lakini mpigie binamu aache huo waya leo, kabla jua halijazama.

Hiyo Texas yenyewe haiko hivyo. Kifungu cha 9.42 cha sheria yao ya jinai kinaweza kumtetea aliyemuua mwizi wa usiku, ila kwa masharti: awe na sababu ya kuamini kuwa mali haingeokolewa kwa njia nyingine, au kwamba kutumia nguvu kidogo kungemhatarisha yeye au mwenzake. Tena kifungu cha 9.44 hakimtetei anayetega kitu kilichoundwa kuua. Kwa hiyo mpango wa binamu ungekufunga hata hapo Houston.

Kwetu, ibara ya 26 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inalinda uhai, wa mwizi pia. Kifungu cha 17 cha Sheria ya Adhabu kinaacha suala la kutetea nafsi au mali liamuliwe kwa kanuni za Kiingereza zilizotokana na hukumu za majaji: nguvu iwe ya lazima na ilingane na hatari. Anayevunja mlango watoto wamelala ndani ni habari nyingine. Anayekimbia na mfuko wa simiti begani anakutishia nini?

Na usidhani umbali unakukinga. Kifungu cha 20 kinamhesabu mkosaji hata yule aliyeshauri au kuchochea kosa. Ukimwandikia binamu "weka stima" kwenye WhatsApp, umewaandikia polisi ushahidi.

Kinachoniudhi zaidi ni huyo mlinzi. Wewe umelala Houston, yeye ndiye anapewa mshale. Mtu akifa, nani atapandishwa kizimbani kwanza? Na waya haumjui mwizi: utamshika mtoto anayefuata mpira, ng'ombe wa jirani, au fundi wako mwenyewe saa kumi na mbili asubuhi.

Kutoka: Minneapolis

Leicester, mambo ya vitabu ni rahisi ukiwa mbali. Ukipiga simu kituoni saa nane usiku unaambiwa gari halina mafuta. Watu wa mtaa wakimshika mwizi hawangoji, na mimi siwalaumu sana.

Lakini hapo kwa mlinzi umenigusa. Mnakumbuka Soysambu, huko huko kaunti ya Nakuru? Mwaka 2006 Tom Cholmondeley, mwana wa ukoo wa walowezi wa Delamere, alimpiga risasi fundi wa mawe aliyeshukiwa kuwinda kwenye shamba lake. Alijitetea kwamba alilenga mbwa. Mwaka 2009 alipatikana na hatia ya kuua bila kukusudia, akapewa miezi 8 juu ya miaka aliyokaa rumande. Huyo alikuwa na mawakili wa kila aina. Soja wa Kiamunyi ana nani?

Kutoka: Leicester

Hao wa mtaa nao, dada, kifungu cha 21 kinawakusanya wote wenye nia moja. Kumshikilia mwizi akipigwa hakukutoi kwenye kesi.

Kaka, weka fensi halali ya stima: mashine yake inatuma mpigo mfupi unaouma bila kuua, na vibao vya onyo viwe pande zote. Vyuma viletwe na hadiwea asubuhi ya kufungwa, visilale saiti. Na piga ripoti, upate namba ya OB, kile kitabu cha matukio cha polisi.

Kutoka: Houston

Asanteni. Binamu amenuna lakini waya umetolewa. Mishale ni ya mlinzi mwenyewe, kumbe alikuja nayo kutoka kwao, sasa sijui nimwambieje. Mwenye fundi mwaminifu wa fensi Nakuru aniandikie pembeni, tafadhali. Slabu nitaisogeza hadi Agosti.