Gumzo la Watoto wa Bibi: Wiki Saba Kabla ya Harusi

IJUMAA

Salma, saa 2:05 usiku
Shikamooni wakubwa wote, na Bibi pia kama simu yake iko mikononi mwa Abuu. Zimebaki wiki saba harusi yangu ifike, na naona haya kuwaeleza nilichojifanyia. Jumapili nilichanganya maji ya ndimu na sukari, nikajisugua uso kama nilivyoona mtandaoni, nikasuuza harakaharaka, kisha nikaenda Raskazone hapa Tanga na wenzangu tukakaa ufukweni mpaka alasiri. Jumanne niliamka na wekundu unaowasha, na leo wekundu huo umegeuka mchirizi wa rangi ya kahawia kuanzia pembe ya mdomo hadi kidevuni, palepale maji ya ndimu yalipotiririka. Msusi wangu ameahidi kuniletea “mkorogo wa harusi” utakaofuta doa hilo kwa siku kumi, na Dada Zuhura amenishauri nianze poda ya kolajeni. Naomba mnishauri kabla sijatoa pesa.

Shangazi Mwanaidi, saa 2:19 usiku
Marahaba, mwanangu. Huyo msusi akusuke nywele, uso wako asiuguse. Ndimu ina kemikali iitwayo furokumarini, ambayo kwenye ngozi iliyo kivulini haina neno, lakini ikipigwa na jua huunguza, na palipoungua hubaki doa linaloweza kukaa wiki kadhaa, pengine miezi. Nilipokuwa muuguzi katika kliniki ya ngozi kule Moshi alikuja muuza mihogo ya kukaanga mwenye madoa meusi katikati ya vidole vya mkono wa kulia tu, naye alikuwa ameshameza dawa za minyoo na za mzio, wakati tatizo lilikuwa ndimu alizokuwa akizikamua juani tangu asubuhi hadi jioni. Doa lako litafifia lenyewe, kwa sharti kwamba ulifiche na jua. Ukiliacha lipigwe na jua kila siku, litazidi kukolea.

Shangazi Mwanaidi, saa 2:27 usiku
Na huo mkorogo msiufanyie mzaha. Ndani yake aghalabu mna haidrokwinoni, ambayo ni dawa ya kung'arisha ngozi, steroidi kali au zebaki, na mara nyingine vyote kwa pamoja, bila mchanganyaji mwenyewe kujua kiasi. Zebaki huzuia ngozi kutengeneza melanini, yaani rangi yake ya asili, ndiyo maana mtu hung'aa wiki za mwanzo, lakini hupenya ikaingia kwenye damu na kuharibu figo. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, uliopewa jina la mji wa Japani ambako watu walilemaa kwa kula samaki wenye zebaki, ulizitaka nchi wanachama zikomeshe vipodozi vyenye madini hayo ifikapo mwaka 2020, na bado makopo yanapita kwa mlango wa nyuma. Steroidi nazo huikondesha ngozi hadi mishipa ikaonekana, na siku ukiziacha uso huvimba, hutoka vipele na kuwaka moto. Anayetafuta ngozi ya ujana hawezi kuipata kwa kitu kinachoikondesha.

Salma, saa 2:31 usiku
Nimekuelewa, Shangazi. Nimeshamtumia ujumbe kwamba siuhitaji.

Zuhura (Mombasa), saa 2:40 usiku
Shikamoo Shangazi. Ningependa ieleweke mbele ya familia kwamba mimi mkorogo siuzi wala sitauza. Kolajeni ninaiuza, na sioni kosa, kwa sababu ngozi yenyewe imejengwa kwa kolajeni na kila mtu anajua kwamba hupungua kadiri umri unavyosogea. Wateja wangu wawili wamerudi kunishukuru.

Shangazi Mwanaidi, saa 2:58 usiku
Marahaba Zuhura, na hakuna aliyekushutumu. Ulivyosema kuhusu ngozi ni kweli, ila kolajeni ni protini kama protini nyingine: ukiimeza, tumbo huikatakata vipande vidogovidogo, na mwili huvitumia unakotaka wenyewe, iwe kwenye goti, kwenye kucha au kwenye kidonda. Yapo majaribio yaliyoonyesha kwamba ngozi iliongezeka unyevu kidogo, lakini mengi yaligharimiwa na watengenezaji, na mimi mwamuzi anayelipwa na timu moja huwa namsikiliza kwa sikio moja. Poda yako haitamdhuru Salma. Ninachosema ni kwamba kwa bei ya kopo moja atakula dagaa, maharage na mayai mpaka siku ya kutoka nje, na protini ataipata ileile.

Zuhura (Mombasa), saa 3:02 usiku
Shangazi, umenifungia duka hadharani. 😄

Baba Mkubwa Kassim, saa 3:10 usiku
Waaleikumu salaam wote ambao hamkutoa salamu. Mimi ngozi si fani yangu, nilikuwa dereva wa lori miaka thelathini na moja, lakini nina swali ambalo nimelibeba muda mrefu. Upande wa kulia wa uso wangu una makunyanzi mengi kuliko wa kushoto, na kinyozi juzi ameniuliza kama niliwahi kuungua. Sijawahi kuungua. Je, ni kulalia upande mmoja?

Shangazi Mwanaidi, saa 3:24 usiku
Kaka, tuma picha, tena uitoe miwani.

Baba Mkubwa Kassim, saa 3:29 usiku
[Picha]

Shangazi Mwanaidi, saa 3:41 usiku
Watoto, itazameni picha hiyo vizuri, kwa sababu inaeleza kuliko ninavyoweza mimi. Tazameni chini ya jicho la kulia na pembeni mwa shavu, namna ngozi ilivyokuwa nene na kufanya mifereji, kisha tazameni upande wa kushoto, ambao bado ni wa kijana. Ni mtu mmoja, anayekula chakula kimoja, anayelala saa zilezile na kurithi damu ileile. Tofauti ni kwamba magari yetu yana usukani kulia, na kwa miaka yote hiyo jua liliingia kupitia dirisha la mlango wake. Mwaka 2012 jarida moja la tiba la Marekani lilichapisha picha ya dereva wa miaka 69 aliyeendesha gari la mizigo miaka 28, naye alikuwa amezeeka upande wa kushoto, maana kwao usukani uko huko.

Miale ya jua isiyoonekana kwa macho, iitwayo urujuanimno, hutufikia ikiwa ya aina mbili. Aina ya B ndiyo inayobabua, na kioo huizuia kwa sehemu kubwa. Aina ya A haiumi, haiunguzi kwa namna unayoihisi, inapita kwenye kioo cha mlango, na inazama ndani zaidi mpaka kwenye nyuzi za kolajeni na kuzikatakata. Kioo cha mbele kina utando wa plastiki katikati unaoizuia kiasi kikubwa, lakini cha pembeni kwa kawaida hakina. Kwa hiyo kaka yangu, wewe hukulalia upande mmoja; ulianikwa.

Hamisi (Muskat), saa 3:50 usiku
Shikamooni. Je, sisi weusi hatukuumbiwa kinga? Hapa Omani wenzangu hunicheka nikijipaka losheni ya jua, wakisema ni ya Wazungu.

Shangazi Mwanaidi, saa 4:06 usiku
Tumeumbiwa kinga, Hamisi, ila si kamili. Melanini hutuchelewesha kupata makunyanzi, na ndiyo maana mwanamke wetu wa miaka hamsini mara nyingi huonekana wa arobaini. Lakini melanini hiyohiyo hukasirika upesi, ikajirundika penye chunusi, penye mchubuko, penye ndimu. Sisi uzee hutuanzia kwa madoa na uso wenye rangi mbilimbili kabla ya mikunjo.

Kule Nambour, Australia, watu wazima 903 walio chini ya miaka 55 waligawanywa, wengine wajipake mafuta ya kukinga jua kila siku na wengine wajipake wanapojisikia. Baada ya miaka minne na nusu, waliojipaka kila siku ngozi zao zilizeeka kwa kiwango kilichopungua kwa asilimia 24, matokeo yakachapishwa mwaka 2013. Wengi wao walikuwa weupe, sikatai. Lakini kinachonifurahisha ni kwamba katika jaribio hilohilo wapo waliopewa vidonge vya betakarotini, kile kinachotia rangi karoti, na vidonge havikuonyesha faida kwa ujumla. Kwa hiyo usiwajali wanaokucheka. Sisi Moshi tunatengeneza Kilisun kwa ajili ya ndugu zetu wenye ualbino, ambao kwao losheni hiyo ni suala la uhai, maana saratani ya ngozi huwaondoa mapema. Wanaotengenezewa losheni hiyo si Wazungu.

JUMAMOSI

Bibi (anaandika Abuu), saa 1:15 asubuhi
Bibi anasema hivi, nami naandika neno kwa neno. Mimi nina miaka themanini na moja na sijawahi kununua kopo la uso. Nilivaa ushungi na kushika mwavuli, watu wakasema najishaua. Sokoni nilikwenda alfajiri na shambani nilirudi kabla jua halijakaa utosini. Nilijipaka mafuta ya nazi ngozi ikiwa bado ina maji baada ya kuoga, si ikishakauka. Sasa Salma namwuliza, anakula nini? Maana nilipokuja kwenu mwezi uliopita niliona soda mbili kwenye friji na hakuna tunda.

Salma, saa 1:32 asubuhi
Shikamoo Bibi. Sitasema uongo. Asubuhi ni chai ya sukari vijiko vitatu na maandazi, mchana chipsi mayai karibu na ofisi, jioni ninakula chochote kilichopikwa. Naomba nielezwe kipi kibadilike kwanza, kwa sababu siwezi vyote.

Shangazi Mwanaidi, saa 1:55 asubuhi
Anza na chai. Sukari inayozidi kwenye damu hujishikiza kwenye nyuzi za kolajeni zikawa ngumu na kukatika kwa urahisi, kama kamba ya katani iliyomwagikiwa gundi, na vilevile huchochea chunusi kwa baadhi ya watu. Shuka kijiko kimoja kila wiki, ulimi utazoea.

Kisha pera. Mwili hauwezi kusuka kolajeni bila vitamini C, na gramu 100 za pera zina zaidi ya miligramu 200, ilhali chungwa la uzito huo lina kama 50. Pera moja la sokoni hapo Tanga linakutosha siku nzima, na linauzwa kwa bei ya pipi chache. Ubuyu nao ni mzuri, ila usinunue ule mwekundu uliokaangwa kwenye sukari na rangi.

Tatu, mchicha au matembele, lakini uyatie tui au mafuta kidogo, kwa kuwa betakarotini ya majani haisharabiwi vyema pasipo mafuta. Waliobuni mchicha wa nazi hawakukosea. Usiyachemshe hadi yakalegea ukamwaga maji, maana vitamini C unaimwaga pamoja nayo. Dagaa au vibua mara mbili tatu kwa wiki kwa ajili ya mafuta mazuri ya samaki. Maji kunywa kwa kadiri ya kiu na joto la Tanga. Anayekuambia lita tano zitakupa ngozi ya mtoto anakusumbua kibofu bure.

Hamisi (Muskat), saa 2:10 asubuhi
Mimi ngozi inapasuka kwa kiyoyozi, ingawa maji nakunywa.

Shangazi Mwanaidi, saa 2:14 asubuhi
Fuata ya Bibi: mafuta juu ya ngozi yenye umajimaji, na maji ya kuoga yasiwe ya moto. Na sigara, Hamisi. Inabana mishipa midogo inayoilisha ngozi. Nimeisikia kwenye sauti yako.

Hamisi (Muskat), saa 2:15 asubuhi
Nimepokea, Shangazi.

Salma, saa 2:30 asubuhi
Bibi alikuwa ameniahidi singo ya harusi, ule msuguo wa maua na liwa wa bibi harusi. Je, nayo nisiitumie?

Bibi (anaandika Abuu), saa 2:41 asubuhi
Bibi anasema singo ipo, waridi na asmini zimeshakauka, liwa analo. Lakini haitagusa uso mpaka doa lipone, na ndimu haitiwi wala hairuhusiwi kukaa chumba kimoja nayo.

Shangazi Mwanaidi, saa 2:47 asubuhi
Naunga mkono. Ngozi ya umri wako hujibadilisha tabaka la juu kwa takribani wiki nne, hivyo wiki saba si haba. Usisugue, usichokoe, lala kabla ya saa sita, na tafuta mafuta ya jua yenye SPF, yaani kipimo cha kukinga jua, ya 30 au zaidi. Yale yenye rangi ya udongo ni bora kwa madoa yetu, kwa kuwa huzuia hata mwanga wa kawaida. Rudia kila baada ya saa mbili ukiwa nje.

Zuhura (Mombasa), saa 2:55 asubuhi
Hayo ninayo, ya rangi tatu. Salma nitamtumia chupa moja kwa basi la kesho, bila malipo, na kofia pana juu yake.

Baba Mkubwa Kassim, saa 3:03 asubuhi
Zuhura mwanangu, na mimi nitumie moja. Mwanaidi, nikijipaka upande wa kulia peke yake, wa kushoto utanisubiri?

Shangazi Mwanaidi, saa 3:04 asubuhi
Paka pande zote mbili, Kaka.