Singe na sarafu za Mjerumani: tuuze au zikae nyumbani?

KopoLaKimbo: Wakuu, naomba busara. Baba yake babu alibeba mizigo ya Mjerumani vita ya 1914, akarudi Kibosho na singe moja (kisu cha mbele ya bunduki) na sarafu nne za heller 20, senti za Mjerumani: zina taji, 1916, D.O.A. (Afrika Mashariki ya Mjerumani) na T ndogo chini, yaani Tabora. Sarafu ziko kwenye kopo la Kimbo. Singe bibi ameikatia migomba ya ng'ombe mpaka imebaki nyembamba kama ukuti. Sasa kuna mzungu kafikia hapa Moshi mjini, anataka vyote kwa laki nane. Mama anasema tuuze, baba mdogo kasusa.

MtiWaOldMoshi: Mpagazi na singe wapi na wapi? Sema tu alikuwa askari. Sisi huku, askari wa Mjerumani tunawakumbuka kwa Mangi Meli, mtawala wetu wa Old Moshi, kanyongwa 2 Machi 1900 na wenzake 18, na kichwa mpaka leo hakijarudi. Halafu wewe unauliza bei.

KopoLaKimbo: 1900 mzee alikuwa ananyonya! Singe aliiokota Tabora, Septemba 1916, Wabelgiji walipoingia. Ndivyo alivyosimulia.

Ngararimo: Old Moshi msitupigie kelele. 1891 Mjerumani alipokuja kumpiga Sina, Mangi wetu wa Kibosho, nani alikuwa naye bega kwa bega? Rindi, baba yake huyo huyo Meli.

MtiWaOldMoshi: Na 1892 nani kama si Meli alimpiga von Bülow, afisa wa Mjerumani, mpaka akafa? Kibosho mlikuwa wapi?

Ngararimo: Tulikuwa bado tunazika.

Sarafu_Kuukuu: Samahani kuwaingilia. Ile ya tembo huna? Dhahabu, rupia 15, nayo ya Tabora 1916. Hiyo ndiyo pesa. Hizi heller zilifyatuliwa kwa wingi kwa sababu meli za Mwingereza zilifunga bahari, sarafu za Ujerumani zikawa hazifiki.

Ngararimo: Hapo meli ni chombo. Mangi wa Old Moshi, usianze.

MtiWaOldMoshi: Endelea kucheka na kaburi la mtu.

Sakina_Arusha: Nyie Wachagga mnalia kama msiba ni wenu peke yenu. Siku ile walinyongwa na viongozi wa Meru na wa Arusha. Na Molelia wa Kibosho alikuwemo, kwa hiyo nyote wawili kaeni kimya. Mleta mada, peleka pale makumbusho ya Boma, Arusha.

Mama_Njoro: Thubutu. Mimi nilipeleka mkuki wa babu mahali fulani, nikapewa kikaratasi hakina hata muhuri. Mwaka wa pili nakwenda kuuliza, ananijibu kijana mwingine kabisa, "Mkuki gani, mama?"

Sakina_Arusha: Mahali fulani wapi? Usichafue watu, taja.

Mama_Njoro: Sitaji. Ninyi wa Arusha mmezoea kujibu kwa niaba ya serikali.

Sarafu_Kuukuu: Mkuki ulikuwa na mpini wake?

KopoLaKimbo: Jamani, swali langu. Mzungu anaondoka Jumamosi. Sarafu nimemwonyesha. Singe hajaiona, kila akija mama ameshuka nayo shambani kukata majani.

MtiWaOldMoshi: Umeshamwonyesha halafu unaomba busara?

Ngararimo: Mwache. Mkuu, Kibosho ipi, Umbwe au Singa? Huyo baba mdogo kama ni yule mwenye pikipiki nyekundu namfahamu.