Noah yanila oili, moshi wa buluu: nishushe injini?

Dereva wa Wete
Asalaam aleykum. Nna Noah ya abiria, injini 3S, naendesha Chake–Wete, huku Pemba. Natia lita moja ya oili, siku nne tu kijiti kishafika alama ya chini. Uvujaji hakuna: nimelaza boksi chini ya injini usiku kucha, asubuhi kavu. Fundi kasema ringi za pistoni zimelika, tushushe injini. Pesa zenyewe ndo hizo za marejesho. Nambieni kabla sijaifungua.

Fundi Spana, Mwanakwerekwe
Waaleykum salaam. Moshi watoka wakati gani? Fundi wako hakukuuliza hilo?

Dereva wa Wete
Hakuuliza. Asubuhi nikiwasha, wingu moja kisha basi. Na nikishuka mlima nimeachia mafuta, nikikanyaga tena kule chini, abiria wa nyuma wanakohoa. Nikipanda na magunia ya karafuu hakuna kitu.

Mpita Njia
Tia oili nzito, 20W-50, utanishukuru. Yangu ilikata moshi.

Fundi Spana, Mwanakwerekwe
Umeufunika tu huo, kaka.

Dereva, ringi zikilika moshi hutoka ukipanda, injini ina mzigo. Yako nashuku sili za valvu, vile viraba vinavyozuia oili isiteremke na valvu. Ukishuka na gia umeachia mafuta, injini hufyonza kwa nguvu. Sili ikishakuwa ngumu kama kifuu, oili ya juu huteremka na shina la valvu mpaka ndani ya silinda. Usiku nako yachuruzika kidogo kidogo, ndo lile wingu la asubuhi. Sie wa mjini huku tambarare, mteja hata hajui aangalie wapi. Milima yenu yakupimia bure.

Hata hivyo pima kompresheni, yaani nguvu ya mgandamizo, silinda zote nne. Yenye namba ya chini itie kijiko cha oili kwenye tundu la plagi, upime tena. Ikipanda, ringi hizo, fundi wako kapatia. Isipopanda, tazama valvu au gasketi.

Na kile kivalvu cha kupumulia injini, kichomoe ukitikise. Kisipolia kimeganda, nacho peke yake chaweza kukumalizia oili.

Sili hazihitaji kushusha injini. Silinda hujazwa upepo wa kompresa, valvu isidondoke.

Dereva wa Wete
Nimekichomoa hapa hapa stendi. Kimya. Nimekiosha kwa petroli, sasa chalia. Kompresheni Ijumaa baada ya sala, nitaleta namba.